Kuvu Aliyesahau Kupika

Hadithi hadithi?

Najua mtakavyoitikia. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Leo naomba tubadilishe kidogo. Hadithi na ije. Utamu na ukolee. Uongo ubaki nyumbani, kwa sababu haya ya leo ni ya kweli tupu, isipokuwa pale kuvu watakapoanza kusema. Kuvu hawasemi. Hapo nitakuwa nimewatilia maneno kinywani, na kinywa chenyewe hawana.

Ilianza kwa swali. Mpwa wangu wa mwisho, yule mwenye pengo, alikuwa ameketi uani kwa susu wake. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya huku Ukambani. Walikuwa wakichambua mahindi kwenye uteo, wapate mazuri ya kutwanga muthokoi. Mtoto akaokota punje moja iliyofunikwa na vumbi la kijani lililochanganyika na njano. Akaninyooshea.

“Mjomba, hii imepakwa rangi na nani?”

Swali zuri hilo! Wengine wangeitupa ile punje na kuendelea. Yeye aliuliza. Basi sogeeni, nyote, kivuli cha mwembe kinatosha.

Punje ile haikupakwa rangi. Ilikuwa na mgeni. Mgeni huyo anaitwa kuvu.

“Kuvu ni mdudu?”

La.

“Ni mmea?”

La. Kuvu ni ukoo wake wenyewe. Ndugu zake ni uyoga. Ndugu yake mwingine ni hamira, ile inayoumua mandazi ya asubuhi. Kwa hiyo usiwachukie kuvu wote kwa kosa la mmoja. Kuvu ndio wafagiaji wa shamba. Mvua ikinyesha, wanayala mabua yaliyokauka, wanayarudisha kuwa udongo. Bila wao, mabua ya babu wa babu yako yangekuwa bado yamesimama shambani mpaka leo, na wewe ungepanda wapi?

Lakini katika ukoo huo yumo mmoja wa rangi ya njano na kijani. Wataalamu wanamwita Aspergillus flavus. Jina la kwanza lilitungwa na Micheli, mtaalamu wa mimea wa Italia, mwaka 1729. Alimtazama kuvu kwa kioo cha kukuzia, akaona kijiti chenye kichwa cha vitone-vitone. Akasema, kumbe kinafanana na kile kifaa cha padri cha kunyunyizia maji ya baraka! Jina likatoka hapo. Flavus, kwa Kilatini, ni njano.

Ana sura ya baraka, huyo, ila chungu chake kina sumu.

“Anapika sumu? Kwa nini, Mjomba?”

Hata wataalamu bado wanabishana kwa nini. Lakini kwamba anapika, hilo lilijulikana kwa uchungu. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga walianza kufa. Wakafa elfu, wakafa elfu kumi, wakapita laki moja. Hakuna aliyejua ugonjwa gani, na kwa kukosa jina wakauita ugonjwa X. Walipofuatilia wakakuta wote wamelishwa chakula cha karanga, na karanga zina kuvu wetu wa njano. Wakachukua A ya Aspergillus, wakachukua fla ya flavus, wakaongeza neno lao la sumu. Ikawa aflatoksini. Watanzania wametunga jina zuri zaidi, nami nalipenda kuliko lile la Wazungu: sumukuvu.

Sasa nitasema jambo zito, na nitalisema polepole.

Sumukuvu ilifika hapa kwetu Machakos. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa hospitalini, ini limeharibika. Kumi na wawili wakafa. Miaka ikapita, watu wakasahau. Mwaka 2004 ikarudi na nguvu zaidi. Makueni, Kitui, Machakos, mpaka Thika. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi mengine yaliyopimwa yalikuwa na sumu mara 220 ya kiwango kilichoruhusiwa wakati ule.

Mpwa wangu mwenye pengo alinyamaza. Kisha akauliza kile ambacho kila mtoto mwenye akili angeuliza.

“Si wangechemsha? Susu huchemsha muthokoi kutwa nzima.”

Umefikiri vyema. Moto huua vingi. Moto humuua hata kuvu mwenyewe. Lakini sumu aliyokwisha kuipika haiungui kwa moto wa jikoni. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Chemsha, chemsha tena, chumvi ingalipo. Na haionekani. Haina harufu. Punje inaweza kung'aa kama jino la mtoto mchanga na sumu imo ndani. Ng'ombe akiyala mahindi hayo, sumu hubadilika kidogo tu, ikatoka na maziwa. Na anayekula kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, hatajua chochote, mpaka siku ini litakapopata saratani.

Kutwanga muthokoi kwa kinu husaidia, kwa sababu ganda la punje hutoka na sehemu ya sumu. Wataalamu wamepima wakaona inapungua. Kwa hiyo mama wa Kikamba walikuwa na hekima kwenye mchi wao. Lakini kupungua si kuisha.

“Sasa tutafanyaje, Mjomba?”

Subiri. Kwanza tujifunze kusoma.

“Mimi najua kusoma!”

Unajua kusoma Kiswahili. Unajua Kikamba na Kiingereza. Kuna maandishi mengine, ya zamani kuliko yote. Kila kilicho hai kimeandikwa ndani. Wewe umeandikwa. Mbuzi wa susu ameandikwa. Muhindi umeandikwa. Hata kuvu wa njano, mdogo vile, ameandikwa.

Maandishi hayo yanaitwa DNA. Alfabeti yake ina herufi nne tu: A, T, G na C. Nne! Mwanafunzi wa chekechea angefurahi. Lakini herufi hizo nne zimejipanga mstari mrefu ajabu. Daftari lote la kiumbe kimoja, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, ndilo jenomu. Daftari lako wewe lina herufi kama bilioni tatu. La muhindi lina zaidi ya bilioni mbili, na lilisomwa mwaka 2009. La kuvu wetu ni kijitabu tu, herufi milioni 37 hivi.

Na ndani ya daftari kuna nini? Mapishi. Fikiria susu angeandika namna anavyopika muthokoi. Loweka mahindi. Twanga kwenye kinu. Peta makapi. Chemsha. Tia maharagwe. Kila agizo moja, katika daftari la kiumbe, tuliite jeni. Ukichana agizo la kutwanga, muthokoi haupatikani. Utakula kitu kingine.

Daftari la kuvu wa njano lina ukurasa wa kupika sumu. Maagizo yake ni kama 25 hadi 30, yamekaa pamoja mahali pamoja, kama masufuria kwenye rafu moja. Anayasoma moja baada ya jingine, na mwisho wake sumukuvu iko tayari.

Sasa sikilizeni kilichotokea baada ya msiba wa 2004. Watafiti walikusanya mahindi ya huku kwetu, wakawatoa kuvu ndani yake, wakawaotesha kwenye visahani. Kuvu wa njano wana koo. Wapo wanaotengeneza vitone vyeusi vikubwa. Wapo wa vitone vidogo, vingi sana. Hao wa vitone vidogo ndio wapishi hodari wa sumu, na katika mahindi ya wilaya zilizopata msiba walijaa hao. Hiyo ilitangazwa mwaka 2007.

Marekani nako kuna kuvu wa vitone vidogo. Ungewaweka visahani viwili mezani, wa Arizona na wa Ukambani, ungesema hawa ni mtu na ndugu yake. Watu walidhani hivyo. Lakini kila kilicho hai kimeandikwa ndani. Waliposoma DNA, matokeo yakatoka mwaka 2012: hapana. Wa kwetu ni ukoo mwingine kabisa. Sura zinafanana. Maandishi hayafanani.

Nawauliza ninyi sasa. Kama tungengoja wenzetu wa mbali wasome kuvu wa kwao, halafu watuletee majibu, majibu yangekuwa ya nani?

“Ya kuvu wa kwao!”

Haswa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema utafiti wa jenomu ni anasa ya nchi tajiri, sisi tushughulike na jembe, mimi humwangalia tu. Jembe gani litakalokwambia kuvu wako ni ukoo gani?

Tuendelee. Katika kusoma huko, wataalamu waligundua kitu cha kuchekesha. Miongoni mwa kuvu wa njano wapo wasioweza kupika sumu hata wakitaka. Daftari lao limechanika. Wengine ukurasa wote wa sumu umenyofoka. Wengine ukurasa upo lakini una kosa. Kule Arizona yuko kuvu mmoja anayetumika kwenye mashamba ya pamba, naye kosa lake ni herufi moja tu. Moja! Herufi hiyo inamwambia “koma hapa” kabla sufuria halijapata moto.

Kuvu wa namna hii tutampa jina. Tutamwita Sahau. Na yule mwingine tutamwita Mpishi.

Sahau na Mpishi wanaishi udongo mmoja. Wanakula chakula kimoja. Wanapenda joto lile lile na ukame ule ule. Mvua inapokata na muhindi unapokosa nguvu, wote wawili hupanda na upepo kutafuta punje. Tofauti yao ni moja: Mpishi akifika anapika, Sahau akifika anakula tu na kulala.

Swali likawa, je, Sahau akifika kwanza?

Mnakijua kigoda cha Kikamba, kile cha miguu mitatu. Anakaa mmoja tu. Basi sikilizeni.

Mpishi alipeperuka kutoka kwenye udongo. Akafika kwenye jani la muhindi. Akasema, “Nipishe niketi.”

Sahau akajibu, “Kigoda kimekaliwa.”

Mpishi akapanda juu, akafika kwenye ndevu za muhindi. “Nipishe niketi.”

“Kigoda kimekaliwa.”

Mpishi akaingia kwenye tundu alilotoboa funza, akafika kwenye punje yenyewe, nyeupe, laini. “Nipishe, ndugu yangu, nimetoka mbali.”

Na ndani ya punje sauti ikatoka, ya usingizi-usingizi: “Pole sana. Kigoda kimekaliwa.”

“Na chungu changu nitakiteleka wapi?”

“Chungu ndicho nini?” akauliza Sahau. Alikuwa amesahau.

Watoto walicheka mpaka susu akageuka kutazama. Cheka, lakini jambo hili lilifanywa kweli. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, ambayo makao yake yako Ibadan, Nigeria, pamoja na Idara ya Kilimo ya Marekani na watafiti wa kilimo wa Kenya, walipekua kuvu wa mahindi ya Kenya. Mmoja wa watafiti hao ni Mkenya mwenzetu, Dkt. Charity Mutegi. Alianza kwa kuchunguza msiba wenyewe wa 2004 na 2005, kisha akashika kazi ya kutafuta dawa yake. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa mashambani. Wasichana mliopo hapa, mmesikia?

Walichagua akina Sahau wanne. Wote wazaliwa wa Kenya, wamezoea jua letu na udongo wetu. Dawa ikaitwa Aflasafe KE01, na mwaka 2015 ikaandikishwa kutumika nchini. KE ni Kenya. Tanzania wana yao, TZ01 na TZ02, zenye akina Sahau wa Tanzania. Kila nchi na wanawe.

“Na inatengenezwa Ulaya?”

Ulaya! Pandeni matatu hapa stendi ya Machakos, mshike barabara ya kwenda Wote. Hamtamaliza hata miwa mliyobeba. Mtafika Katumani, kituo cha utafiti cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya. Jina Katumani wazazi wenu wanalijua, maana kuna mahindi yenye jina hilo, yale ya kukomaa upesi kabla mvua fupi ya kwetu haijatukimbia. Hapo Katumani ndipo kilipo kiwanda cha Aflasafe.

Kazi yake inafanana na ya jikoni. Wanachukua mtama. Wanaukaanga.

“Kwa nini wanaukaanga?”

Usiote! Ungemwagwa shambani kwa mahindi ukaota, ungekuwa magugu. Ukishakaangwa, wanaupaka mbegu za Sahau, laini kuliko unga. Kisha wanatia rangi ya buluu, mtu asije akadhani ni chakula akaupika. Mtama wa buluu hauna mwenyewe jikoni. Halafu unafungwa mifukoni.

Mkulima anapima kilo nne kwa ekari moja. Anatembea katikati ya mistari akirusha kwa mkono, kama anayewalishia kuku. Hufanya hivyo wiki mbili au tatu kabla muhindi haujatoa mbelewele, wakati udongo una unyevu. Mtama ule ni posho ya safari. Sahau anakula, anazaana, anapanda na upepo kabla Mpishi hajaamka vizuri. Katika mashamba mengi yaliyojaribiwa, sumu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Hapo mpwa wangu mkubwa, anayesoma darasa la saba, akaingilia. Huyu ni wa kubishana, nami nampenda kwa hilo.

“Mjomba, na Sahau akikumbuka je?”

Nikamwomba arudie, kwa sababu swali lilikuwa tamu.

Sahau akikumbuka! Hilo ndilo wanalojiuliza wataalamu wenyewe. Jibu limo katika kusoma. Huwezi kujua kama mtu amesahau kwa muda tu au daftari lake limechanika, mpaka ulifungue daftari. Aliyenyofokwa na ukurasa wote haoti ukurasa mwingine, kama vile kitabu hakioti karatasi. Ndiyo maana hawakumchukua kuvu yeyote aliyeonekana mpole kwenye kisahani. Walitafuta wale ambao maandishi yao yanathibitisha, na ambao ukoo wao umeishi bila sumu muda mrefu, mahali pengi. Na wanaendelea kuwapima. Kazi ya kusoma haiishi.

“Na udongo? Hautaharibika?”

Sahau hakuletwa kwa meli. Alikuwa hapa kabla ya Machakos kuitwa Machakos. Hatukumwaga sumu ya kuua kuvu wote, maana hapo tungewaua na wafagiaji wa mabua. Tumebadilisha tu nani ni wengi na nani ni wachache. Na wema wake unavuka ua, kwa kuwa upepo haujui mpaka. Shamba la jirani ambaye hakununua hupata akina Sahau wachache bure. Msimu unaofuata baadhi yao bado wapo. Tena fikirieni mahindi yanayoteketezwa kila yanapokutwa na sumu. Mvua ilinyesha bure. Udongo ulichoka bure. Mgongo wa mama uliuma bure.

Nikawaambia pia habari ya malori, kwa sababu watoto hupenda malori. Mwezi wa Machi mwaka 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya kuvu. Malori yakasimama mipakani, madereva wakalala chini ya magari, bei zikayumba, kelele zikawa nyingi, mpaka baada ya siku chache yakaruhusiwa tena kwa masharti ya kupimwa. Na mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa sima kwa mkupuo mmoja. Mwenye kinu cha unga akipata mahindi yenye sumu, hana la kusaga. Mfanyakazi wake naye anarudi nyumbani. Kwa hiyo kijitu kisichoonekana kwa macho kinaweza kusimamisha lori la tani 30.

“Kiwango kinachoruhusiwa ni ngapi?” akauliza yule wa darasa la saba, amekwisha toa kalamu.

Sehemu 10 katika bilioni.

“Bilioni ni ngapi?”

Tuipime kwa magunia. Gunia la kilo 90 lina punje kama laki tatu, kwa hesabu yangu ya karibu-karibu. Punje bilioni moja ni magunia zaidi ya 3,000. Fikiria magunia 3,000 yamejaa uwanja wa shule. Sasa toa humo punje 10 tu. Kiganja cha mkono wako hakijai. Hicho ndicho kiasi. Kikizidi hapo, Kenya inasema usile, usiuze.

Tulikaa kimya kidogo, kila mtu akitafuta punje 10 katika uwanja wa shule.

Msidhani wanaosoma maandishi haya wanasoma kuvu peke yake. Mbaazi, ambayo susu huita nzuu, ilisomwa mwaka 2011. Njahi, ambayo sisi tunaita nzavi, ilisomwa mwaka 2023. Hiyo ya nzavi kazi iliongozwa kutoka Nairobi, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, na mashine mojawapo ya kusomea ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani. Taasisi hiyo hiyo ina ranchi kubwa Kapiti, ndani ya kaunti yetu. Kule wapo kondoo wekundu wa Wamasai ambao minyoo ya tumbo inayowaangusha kondoo wageni haiwasumbui sana. Imeandikwa katika damu yao. Lakini kondoo wekundu wana hadithi yao, na mimi sitaimaliza leo, maana jua linashuka na susu ameanza kututazama vibaya. Mahindi hayajachambuka.

Ila kabla sijawaacha nataka kusema kitu ambacho wauzaji wa dawa hawakisemi kwa sauti kubwa. Sahau analinda shamba, na ghalani akiingia bado anasaidia kidogo. Lakini ukimweka kwenye gunia lenye maji, naye atachoka, na kuvu wengine wa kila aina wataingia. Halafu si kila mkulima ana pesa za mtama wa buluu, na si kila duka la mbegu linao siku unapoutaka. Hilo ni la wakubwa kulitengeneza, na ninaliandika humu ili wakubwa nao wasome.

“Na sisi watoto?”

Ninyi mna kazi tatu. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, yaanikwe juu ya turubai, kwa sababu Mpishi amelala kwenye udongo akisubiri kuitwa. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa au yenye rangi usiyoielewa itolewe, na isipewe kuku wala ng'ombe. Ya tatu ni ya kupima ukavu, na haihitaji mashine.

Tafuta chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia mahindi, robo ya chupa. Tia chumvi kavu, kijiko kimoja au viwili. Funga kifuniko. Tikisa kwa dakika mbili. Kisha iache itulie kwa dakika chache.

Mpwa wangu mwenye pengo alikimbia jikoni kabla sijamaliza. Akarudi na chupa ya soda na chumvi kwenye kiganja. Akatia. Akatikisa kwa mikono miwili, mashavu yamevimba, ndugu zake wakimhesabia. Akaiweka juu ya kigoda. Tukainama wote, susu pia, tukatazama.

Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo kama umande.

“Maana yake nini?”

Maana yake mahindi bado yana maji, hayafai kuingia ghalani. Yangekuwa makavu, chumvi yote ingeanguka chini na kioo kingebaki safi. Susu hakusema neno. Aliinuka, akalitandika turubai upya mahali penye jua la asubuhi.

Na wewe unayesoma, usilale kabla hujamwomba mama kijiko cha chumvi. Hakikisha chupa ni kavu.